Hoja Mkutanoni, Ugomvi Pembeni

 

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo linalovunja mikutano yetu mingi kuliko uhaba wa fedha, na kuliko mahudhurio hafifu tunayoyalalamikia kila siku. Nalo ni ugomvi wa mtu na mtu unaoingizwa katika mazungumzo ya watu wote. Ninalotaka kusema ni hili: hoja ya watu wote tuijadili mbele ya watu wote, tena kwa ukali inaostahili, ugomvi wa watu wawili tuutoe mkutanoni, tuupe msuluhishi na siku yake. Tukiyachanganya hayo mawili, hoja inakufa na ugomvi unanenepa.

Tuanze na maji, kwa sababu Upareni maji ndiyo yanayogombanisha watu wenye haki zao. Milima ya Upare Kusini inapanda hadi mita 2,462 pale Shengena, na msitu wa huko juu ndio unaotupa vijito vyetu. Ukiteremka kuelekea Makanya unakuta nchi nyingine kabisa, nchi ya migunga na mkonge, inayopata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Mvua yenyewe haina ahadi. Vuli ikikosa na masika ikachelewa, mahindi yanasinyaa yakiwa magotini.

Wazee wetu waliliona hilo tangu kabla ya ukoloni, wakachimba mifereji kufuata ubavu wa mlima, wakajenga ndiva. Wasikilizaji wa mbali niwaeleze: ndiva ni bwawa dogo la kukusanyia maji ya kijito. Mchana kijito chembamba hakina nguvu ya kufika shamba la mwisho. Maji yanapotelea ardhini njiani. Basi usiku maji yanaachwa yajae ndivani. Asubuhi ndiva inafunguliwa, maji yanatoka kwa wingi, yanakwenda mbali, na wenye zamu wanamwagilia mmoja baada ya mwingine. Kuna kamati, kuna anayesimamia zamu, na kuna msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuzoa tope na kuziba mianya. Asiyefika kwenye msaragambo anatozwa faini, na akizidi kukaidi anaweza kukosa maji.

Sasa sogea karibu, tutazame mfereji mmoja. Tuseme kuna majirani wawili, mashamba yao yanapakana. Zamu ya mmoja inaisha saa nne asubuhi, na ya mwenzake inaanzia hapo. Saa nne na nusu yule wa pili anafika, jembe begani, anakuta mfereji umezibwa kwa tope na vipande vya mgomba, maji bado yanaingia kwa jirani. Kuna maneno ya aina mbili yanayoweza kumtoka. Anaweza kusema: “Jirani, zamu yako imeisha saa nne, na sasa ni saa nne na nusu. Nimepoteza nusu saa yangu.” Au anaweza kusema: “Ndivyo mlivyo ninyi, hata baba yenu alikuwa mwizi wa maji.”

Kauli ya kwanza ina majibu. Saa ipo, msimamizi wa zamu yupo, nusu saa inaweza kurudishwa kesho. Mwenye kosa anaweza kusema, “Samahani, nilipitiwa,” na heshima yake ikabaki. Kauli ya pili haina jibu. Marehemu baba hawezi kuitwa atoe ushahidi. Aliyetukaniwa baba hawezi tena kuomba radhi kwa ile nusu saa, maana akifanya hivyo ataonekana amekiri kwamba ukoo wake ni wa wezi. Kuanzia hapo maji yamesahauliwa. Kaka zake wataingia, shemeji wataingia, na siku ya mkutano wa ndiva watu watakaa kwa makundi, huku wa ukoo huu na huku wa ukoo ule. Tope lililopaswa kuzolewa litabaki ndivani, na msimu ujao maji yatapungua kwa wote, hata kwa wale ambao hawakuwapo siku ile.

Ndiyo maana watu wenye busara hawaamulii kesi ya maji mferejini. Pale wote wawili wameshika majembe, jua linawaka na mahindi yanakauka mbele ya macho yao. Aliyekosewa anaandika moyoni saa na siku, anamweleza msimamizi, na shauri linangoja kikao cha kamati. Kungoja huko si woga. Ni kumpa kila mmoja nafasi ya kufika na maneno aliyoyapima. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na Mpare anayepanda na kushuka mawe ya milima hii kila siku anajua dole hupona.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa ng'ambo walikaa katika bonde la Makanya wakichunguza maji haya. Waliona kwamba mapatano ya kugawana maji kati ya walioko juu, kama watu wa Vudee, na walioko chini yao, kama watu wa Bangalala, yanasimama juu ya mazungumzo na undugu. Wa juu ana mjomba kule chini. Wa chini ameoa kule juu. Wanazikana, wanaozeshana, wanasali pamoja. Msikilizaji, zingatia maana yake. Kwetu sisi heshima ya mtu ni sehemu ya miundombinu ya maji. Ukiivunja heshima, umevunja mfereji.

Watani zetu Wachaga wana neno lao juu yetu, na kila Mpare amelisikia kwenye basi au harusini: kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Watu hucheka, na utani ni haki yao. Lakini mimi nataka tulitazame neno hilo kwa makini, kwa sababu lina ukweli unaotufaa. Anayeuza ng'ombe kwa ajili ya kuku hadai kuku. Anadai asikilizwe. Anadai jirani yake, mbele ya mashahidi, akubali kwamba lililofanyika lilikuwa dhuluma. Kuku angelipwa siku ile ile, pamoja na neno moja la “nimekosa, nisamehe,” ng'ombe angebaki zizini. Magomvi yetu mengi ya miaka na miaka yana kuku ndani yake: mti wa mpaka uliokatwa, mchango wa harusi usioandikwa daftarini, salamu isiyoitikiwa msibani. Jambo lenyewe ni dogo, ila aliyeumia hakupata mahali pa kulisemea, akalibeba mpaka likawa kubwa.

Kwa hiyo nisemapo tuutoe ugomvi mkutanoni, sisemi tuufukie. Ukifukiwa utarudi. Na mahali unaporudia tunapafahamu sote: ni kwenye ile ajenda ya mwisho kabisa, “mengineyo”. Mkutano umekwenda vizuri saa mbili nzima, taarifa ya mapato na matumizi imesomwa, ujenzi wa darasa umejadiliwa, mwenyekiti anataka kufunga. Anauliza kama kuna mengineyo. Hapo anasimama mtu mmoja, anarekebisha koti lake, anaanza: “Mwenyekiti, mimi sina mengi, ila kuna baadhi ya watu humu ndani...” Hataji jina, lakini kila mtu anageuza shingo kumtazama anayesemwa. Anayesemwa naye ananyanyuka. Mkutano uliokuwa wa darasa unageuka kuwa wa watu wawili, na waliokuja kwa ajili ya watoto wao wanaanza kuondoka mmoja mmoja.

Mkutano mkuu wa kijiji si kikao kidogo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imewapa watu wazima wote wa kijiji, kuanzia miaka 18, nafasi ndani yake. Hapo tajiri na maskini, mwenye shamba la tangawizi kule Mamba na kijana wa bodaboda, wana sauti sawa. Anayekigeuza kikao hicho uwanja wa visasi amewanyang'anya wenzake haki yao.

Dawa ipo, nayo tumeiona mara nyingi bungeni, tena ikisikika redioni. Mbunge akisema neno la kumdhalilisha mwenzake, mwenzake anasimama kuomba utaratibu, na kiti kinamtaka afute kauli. Anasema, “Nafuta kauli,” na mjadala unaendelea pale ulipoishia. Utaratibu huo una hekima kubwa. Mkosaji hafukuzwi wala hasimangwi siku nzima. Neno ndilo linaloondolewa; mtu anabaki, na hoja yake inabaki. Ningependa kila mwenyekiti wa kijiji, wa kikundi cha vikoba, wa kamati ya ndiva, wa kamati ya harusi, awe na ujasiri wa kusema kwa sauti ya upole: “Ndugu yangu, hoja yako tumeipokea. Lile neno la mwisho lifute, halafu endelea.” Na ningependa sisi tunaoambiwa hivyo tusione tumeshindwa. Kufuta kauli ni tendo la mtu aliyekomaa.

Tuchukue mfano mwingine. Tuseme kijiji kinapanga msaragambo wa barabara, na mtu anapendekeza Jumamosi. Kwetu Upare Kusini Wasabato ni wengi. Wamisionari wao walifika Mamba mwaka 1903 na imani hiyo imeota mizizi. Mmoja wao anasimama kusema Jumamosi haiwezekani. Mwingine anajibu, “Ninyi kila siku mna visingizio, ni wavivu tu.” Sasa hilo si jibu. Hoja ilikuwa ni siku, na siku ziko saba. Ondoa Ijumaa ya Waislamu, Jumamosi ya Wasabato na Jumapili ya Walutheri na Wakatoliki. Zinabaki nne, chagueni mojawapo mmalize. Ukiita watu wavivu, hata ukipata siku, hutapata mikono ya kushika majembe.

Labda kuna anayesema moyoni: haya ni mambo ya upole kupita kiasi, mtu akidhulumiwa lazima apaze sauti. Namjibu kwa historia ya mji wetu wenyewe. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Mwingereza, ikipitia kwa watawala wa jadi, ilileta Upareni kodi iliyoitwa mbiru. Kila mtu alipaswa kukadiriwa kulingana na mali yake. Fikiria hali ilivyokuwa: aliyekuja kukadiria ng'ombe wako na kahawa yako hakuwa mgeni kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mtu mnayefahamiana, mwenye ndugu zake na wapinzani wake. Hakuna jambo lililokuwa rahisi zaidi kuligeuza ugomvi wa nyumba kwa nyumba, huyu akisema mimi nimezidishiwa kwa chuki, yule akisema wewe umepunguziwa kwa upendeleo.

Wapare hawakulipeleka huko. Mwaka 1945 maelfu yao waliteremka kutoka milimani hadi Same, yalipokuwa makao makuu ya wilaya, wakakaa. Walikaa kwa kupokezana, hawa wakirudi kulima na wale wakishika nafasi zao, kwa muda mrefu. Miongoni mwa viongozi wao alikuwamo Paulo Kajiru Mashambo, mtu wa Upare Kusini. Msimamo wao ulikuwa wazi: hatukatai kodi, tunakataa namna hii ya kukadiriana. Waliishika hoja moja, wakaishika kwa amani, hawakuiachia. Na mwishowe mbiru ikaondolewa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wetu, aliandika kitabu juu ya jambo hilo, kikachapishwa mwaka 1971, ili watoto wa Tanzania wajue kwamba upinzani wa umma haukuanzia mijini.

Katika mgogoro huo huo wanawake wa Usangi, waume zao wakiwa wametingwa na shauri lile kule Same, waliandamana wakamkabili mkuu wa wilaya wa Kiingereza kwa maneno makali. Hakuna aliyeweza kuwaambia hilo ni jambo la nyumbani, walimalize jikoni. Lilikuwa jambo la nchi, nao wakalisema hadharani. Historia hii inatufundisha kwamba hoja kali si ugomvi, na kwamba adabu haimfungi mtu mdomo. Kinachotofautisha ni shabaha: unapiga uamuzi mbaya, au unampiga mtu?

Hapa niseme jambo ambalo wengi hulipotosha. Wapo wanaotumia maneno kama “tuyamalize kindugu” kuficha uovu. Fedha za kijiji zikipotea, hilo halipelekwi pembeni. Linasomwa mbele ya wenye fedha. Mume anayempiga mkewe hana ugomvi wa binafsi wa kusuluhishwa kwa soda na pilau. Ametenda kosa, na dawati la jinsia lipo polisi. Mjane anayeporwa shamba na shemeji zake hana mzozo wa kifamilia. Ana haki inayolindwa na sheria. Kupeleka pembeni ni kwa yale yanayowahusu wawili kweli: neno lililouma, deni dogo, mpaka usioeleweka, hasira iliyobaki tangu uchaguzi uliopita.

Na pembeni kwenyewe pawe mahali pa kweli, siyo kona ya kunyamazishana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekipa kila kijiji Baraza la Ardhi lenye wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Baraza hilo halihukumu. Kazi yake ni kukutanisha na kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, baada ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, limebaki na kazi hiyo ya usuluhishi katika mashauri ya ardhi. Bunge limekubali jambo ambalo wazee wa milimani walilijua: kwamba watu watakaoendelea kuishi jirani wanahitaji mapatano kwanza, na hukumu iwe ngazi ya mwisho.

Kwa mambo yasiyo ya ardhi hatuhitaji hata baraza. Tunahitaji mtu wa tatu. Awe mtu anayeheshimiwa na pande zote mbili, awe shangazi, mjomba, mchungaji, shehe au mwalimu mstaafu. Akutane na kila mmoja peke yake kwanza, amsikilize mpaka amalize, bila kumkatiza. Kisha awaketishe pamoja, na amwombe kila mmoja aseme alivyomwelewa mwenzake kabla ya kusema la kwake. Hapo ndipo mara nyingi mtu anashangaa: “Kumbe ulidhani nilikuziba makusudi?” Kosa likijulikana, lisemwe kwa jina lake na malipo yake yatajwe, iwe ni nusu saa ya maji au ni huyo kuku. Halafu chakula cha kupatana kiliwe. Wengine watashika kata ya dengelua, pombe yetu ya miwa. Waislamu na Wasabato watapata sahani ya makande. Kula pamoja ni ushahidi mbele ya kijiji kwamba shauri limekwisha, na asiwepo wa kulifufua.

Kuna sharti moja la mwisho, nalo ndilo gumu. Sisi tusiohusika tujizuie. Ugomvi wa wawili haukui kwa maneno yao peke yao, hukuzwa na wanaokimbia kutoka nyumba hii kwenda nyumba ile wakibeba “umesikia alivyosema?” Ukiletewa maneno ya namna hiyo, uliza swali moja: “Umemwambia mwenyewe?” Kama hakumwambia, mrudishe kwake. Utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko hotuba yoyote.

Basi msikilizaji, ninakuomba mambo matatu kabla ya mkutano wenu ujao, uwe wa kijiji, wa ndiva, wa kikundi au wa ukoo. Kama wewe ni mwenyekiti, wakumbushe wajumbe mwanzoni kabisa kwamba kauli ya kumshambulia mtu itafutwa, na utekeleze bila kuangalia sura, hata msemaji akiwa shemeji yako. Kama wewe ni mjumbe mwenye hoja, iseme yote, na umwachie mpinzani wako jina lake, baba yake na dini yake. Na kama moyoni una kuku wako wa siku nyingi, usimngoje mwenyekiti aseme “mengineyo”. Mtafute mtu wa tatu wiki hii, mwende mkazungumze.